UZI: Kumtafutia binti wa shule baiskeli ya mtumba Dar, kuifufua na kuipeleka Urambo

#1 Mjomba_Mwenge

Wakuu, heshima kwenu. Natafuta baiskeli ya mtumba hapa Dar, niitengeneze kisha niipakie basi iende Urambo, Tabora. Mtumiaji ni binti wa kidato cha pili. Vipimo nilivyotumiwa: urefu sm 154, mguu kwa ndani hadi sakafuni sm 72. Shule ipo kilomita 7, njia ni ya vumbi yenye mchanga na miiba ya migunga. Anavaa sketi, anabeba begi, na mara nyingine dumu la lita 10. Fundi wa kijijini kwao ana vipuri vya Phoenix na vya zile 26 za kike, basi.

Mpaka sasa nimeonyeshwa tatu:

A. Ya Kijapani, fremu ya kike, saizi 27, gia 3 za ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), kikapu mbele, taa ya dainamo. Inapendeza macho.
B. Phoenix 28 ya kiume, breki za fito, keria nzito.
C. Mauntini 26, gia 18, springi mbele na nyuma.

Nichukue ipi, na niikague vipi kabla ya kutoa hela?

#2 Gololi_Tisa

Mkuu, kwa huyo binti zote tatu ziache. Nakupa sababu moja moja.

A ni mtego wa namba. Soma ubavuni mwa tairi, utakuta 27 x 1 3/8, na pembeni yake 37-609. Hiyo 609 ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita pale tairi linapokaa, na ni saizi ya Wajapani wenyewe. Nje ya kwao ni nadra. Tairi la 28 x 1 1/2 la Phoenix ni 635, la baiskeli za mbio zinazoandikwa 700C ni 622, la 26 x 1 3/8 ni 590. Hakuna hata moja linaloingia kwenye 609. Siku tairi likipasuka Urambo, baiskeli inageuka kamba ya kuanikia nguo. Gia tatu za habu ni nzuri mjini, ila kile kijiti kinachosukumwa na waya kikipinda au kikipotea, fundi wa kijijini hana pa kukipata.

B vipuri vyake vimejaa kila mnada, lakini piga hesabu. Fremu ya kawaida ya 28 ya kiume ni inchi 22, yaani sm 56 kutoka katikati ya kranki (pale mikono ya pedali inapozungukia) hadi juu ya bomba la kiti. Ongeza kama sm 30 kutoka ardhini hadi kranki, bomba la juu linakuwa kwenye sm 85 hivi. Mguu wake ni sm 72. Hawezi kusimama katikati ya baiskeli miguu ikagusa chini, na sketi ndiyo kabisa. Hata kiti ukikishusha mpaka mwisho bado kitamzidi: chukua mguu wa ndani zidisha kwa 0.88, unapata sm 63 kutoka katikati ya kranki hadi juu ya kiti. Bomba peke yake limeshakula 56, na kiti cha springi kinakula karibu sm 10.

C ina tairi linalopatikana, 26 x 1.95 (559), ila ile springi ya nyuma inakunywa nguvu za miguu, bushi zake zikilegea gurudumu la nyuma linayumba, na kile kipande kinachoshika mkono wa gia hupinda mara ya kwanza baiskeli ikianguka upande wa kulia. Mchanga utamaliza kilichobaki.

Tafuta ya Kijapani fremu ya kike ya 26 x 1 3/8, 37-590, isiyo na gia. Kule Japani wenyewe huziita mamachari. Tairi na tyubu zake ni zilezile za 26 za kike ambazo fundi wake anazo. Na uangalie: 26 x 1 3/8 na 26 x 1.95 zote huitwa "ishirini na sita" dukani lakini zinapishana milimita 31. Muuzaji akikuambia "inaingia tu", mwambie aingize mbele yako.

#3 nusu_spoku

Nakaa pembeni na daftari.

#4 Chuma_Chakavu

Gololi kamaliza suala la saizi. Mimi naongeza ukaguzi, maana rangi mpya juu ya fremu iliyochoka ndiyo inayoliza watu.

Anza na fremu kabla hata ya kugusa tairi. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, nyuma tu ya shingo ya usukani. Ukihisi mkunjo au kibonge, baiskeli iligonga kitu kwa mbele, achana nayo. Kisha itazame ubavuni: foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) iendeleze mstari wa shingo halafu ijikunje mbele taratibu. Ikiwa imerudi nyuma kuelekea pedali, imegonga. Nyufa huanzia kwenye maungio: chini ya kranki, pale bomba la kiti linapokutana na mabomba ya nyuma, na kwenye fremu za kike pale mabomba mawili yanayoshuka yanapoungana na la kiti. Ufa huonekana kama mstari wa kutu mwembamba kama unywele. Kwangua rangi kwa ukucha.

Kipimo cha fremu kupinda kinahitaji uzi, si huu wa jukwaani, uzi wa kushonea. Funga mwanzo wake kwenye ekseli ya nyuma kulia, uzungushe mbele ya shingo ya usukani, urudishe hadi ekseli ya kushoto, uukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la kiti kila upande. Tofauti ya milimita 2 au 3 sawa. Ikifika 6, baiskeli itakuwa inavuta upande mmoja na mnyororo utakuwa unakula meno.

Kisha:
- Shika rimu, tikisa kulia kushoto. Ikicheza, koni (zile nati za kwenye ekseli zinazobana gololi) zimelegea au zimeliwa. Zungusha taratibu huku mkono ukiwa kwenye fremu. Ukihisi mchanga unasagika, bakuli la gololi huenda lina mashimo.
- Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele nyuma. Shingo ikigonga, ni ya kukaza au gololi zake zimeisha.
- Shika mikono yote miwili ya kranki, vuta kama unaing'oa.
- Toa kiti. Kisipotoka, punguza bei hapohapo.

Matairi ya mtumba yanadanganya. Meno yanaweza kuwa mapya kabisa lakini ubavu umepasukapasuka kwa jua na miaka ya kukaa. Bonyeza ubavu kwa dole gumba. Nyufa zikifunguka na nyuzi zikaonekana, hesabu tairi jipya.

Mwisho kabisa, karatasi. Namba ya fremu huwa imegongwa chini ya kranki au kwenye bomba la kiti. Iandike kwenye hati ya mauziano, na jina la muuzaji, nakala ya kitambulisho chake, shahidi mmoja. Ile stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani na namba ni ya usajili wa kuzuia wizi kwao huko, haikuhusu wala haithibitishi kuwa baiskeli ni ya huyo anayekuuzia.

Bei sitaji, maana ya Kariakoo na ya Tandika si moja. Ila orodhesha vipuri kwanza ndipo utaje bei yako. Wengi wanafanya kinyume.

#5 Mjomba_Mwenge

Asanteni sana wakuu. Nimepata ya 26, 37-590, haina gia, kikapu, keria, stendi ya miguu miwili. Fremu imepita kipimo cha uzi, tofauti mm 2. Kasoro ni hizi: matairi yote yamepasuka ubavu, gurudumu la nyuma linayumba kama mm 5, breki ya nyuma inalia kama mbuzi, kranki ya kushoto inagonga kila mzunguko, kiti hakishuki, dainamo haiwashi. Na muuzaji kaniambia nimwagie oili breki itaacha kulia. Nianzie wapi?

#6 Gololi_Tisa

USIMWAGE OILI. Hiyo breki ya nyuma ni mkanda unaobana ngoma ya chuma. Ukiupaka mafuta kelele itakwisha, na breki nayo itakwisha. Binti akiteremka na dumu nyuma, itakuwaje?

Fuata mpangilio huu, usiruke.

Kranki kwanza. Toa kifuniko cha plastiki, ndani kuna nati ya 14. Ikaze kwa nguvu ukitumia spana ya boksi yenye mkono mrefu, zungusha, sikiliza. Ikiacha kugonga, umepona. Ikiendelea kugonga, tundu la mraba la kranki limeshatanuka kwa kuendeshwa likiwa limelegea, na hapo hakuna kukaza kutakakosaidia: badilisha kranki ya kushoto. Wakati huohuo kagua pedali. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume, unafungua kwa kuzungusha kama saa. Ndiyo maana kranki nyingi za mtumba nyuzi zake zimechunika, mtu kalazimisha.

Habu. Fungua ya nyuma na ya mbele hata kama zinazunguka vizuri, grisi ya zamani imekauka ikawa gundi. Nyuma ni gololi za inchi 1/4, tisa kila upande. Mbele inchi 3/16, kumi kila upande. Kwenye kranki ni 1/4, kumi na moja kila upande. Zikiwa ndani ya ringi huwa pungufu, usishangae. Unaweza kutupa ringi ukaweka kamili. Nunua mpya zote, hata zile zinazong'aa. Gololi ni kitu cha bei ndogo, ila moja iliyochakaa inatafuna koni, na koni inatafuna bakuli. Osha kwa mafuta ya taa na mswaki, kausha, jaza grisi nusu ya bakuli, panga gololi, funika kwa grisi. Koni uikaze kwa vidole hadi ishike, rudisha kidogo mno, kisha kaza nati ya kufungia juu yake huku umeishikilia koni kwa spana nyembamba. Ekseli izunguke bila kucheza na bila kusagika. Utarudia mara tatu nne, ni kawaida.

Kuyumba kwa rimu ni baada ya habu, si kabla. Ukinyoosha rimu yenye habu inayocheza unafukuza kivuli. Tia tone la oili kwenye kila nati ya spoku usiku, asubuhi uanze. Funga kijiti kwenye fremu kiguse karibu na rimu kiwe kielekezi. Rimu ikielemea kulia, kaza spoku zinazotoka upande wa kushoto wa habu mahali hapo, robo mzunguko tu, na legeza za kulia robo. Wengi wanakosea upande wa kuzungusha: ukitazama kutokea upande wa tairi, kukaza ni kama saa, ukitazama kutokea kwenye habu inaonekana kinyume. Mwisho ikibaki mm 1 inatosha. Lakini kama rimu ina kibonge cha juu chini, yaani iligonga jiwe, spoku hazitaitoa. Tafuta rimu nyingine.

Breki. Fungua ngoma, kwangua kutu kwa msasa laini, futa kwa petroli safi, acha ikauke. Mkanda ukiwa umelowa mafuta au umebaki mwembamba hadi misumari inaonekana, badilisha mzima. Ukirudisha gurudumu, kile kibati kinachounganisha breki na bomba la fremu lazima kifungwe kwa bolti yake. Ukikisahau, siku ya kwanza ya kubana kwa nguvu, breki nzima inajizungusha pamoja na habu na kung'oa waya.

#7 Kutu_ya_Pwani

Nipo Unguja, huku chumvi haina mswalie mtume, kwa hiyo la kiti kugoma niachieni mimi.

Usikigonge kwa nyundo kutoka chini wala usikipindishe kwa kiti chenyewe, utavunja kibano. Fungua bolti ya kibano, ipanue midomo kidogo kwa bisibisi. Mimina oili ya kupenya kutu pale nguzo ya kiti inapoingia kwenye fremu, acha saa 24, rudia mara mbili. Kisha toa kiti, bana ncha ya nguzo kwenye jiliwa, uizungushe fremu nzima kama mpini. Kuzungusha, si kuvuta. Ikishaanza kucheza hata digrii mbili, imekwisha kazi. Nguzo ikitoka, piga msasa ndani ya bomba, paka grisi, rudisha. Mstari wa kikomo ulioandikwa kwenye nguzo usionekane juu ya fremu.

Usukani nao vivyo hivyo. Legeza bolti ya juu mizunguko minne, usiitoe, weka kipande cha ubao juu yake na ugonge mara moja. Ile kabari ya ndani itaanguka na usukani utajifungua. Paka grisi. Usipofanya sasa, mwakani binti akirefuka hakuna atakayeweza kuupandisha.

Dainamo: mara tisa kwa kumi si dainamo. Umeme unarudi kupitia chuma cha fremu, na rangi au kutu pale taa ilipofungwa inaukata. Kwangua hadi chuma king'ae pande zote mbili za bolti. Kisha kagua balbu, kwenye nyingi za Kijapani ni ya volti 6, wati 2.4.

#8 fundi_kijiwe

Naunga mkono yote isipokuwa sijaona mtu akitaja mnyororo. Kwenye hizi za Kijapani umefichwa ndani ya kava, mtu anausahau hadi ukatike. Fungua kava upime: kutoka pini ya kwanza hadi ya ishirini na tano, katikati hadi katikati, mnyororo mpya ni mm 304.8. Ukifika 307 tupa. Ukipita 308 tupa na friwili (yale meno ya gurudumu la nyuma) pia, maana mnyororo mpya juu ya meno yaliyoliwa utaruka kila akisimamia pedali. Ununue wa 1/2 x 1/8. Ule wa gia ni mwembamba, 3/32, kwenye meno mapana hauingii.

Ukikaza gurudumu, mnyororo ucheze juu chini sm 1 hadi 1.5 katikati. Zungusha pedali mzunguko mzima ukitazama, kuna mahali utakaza zaidi, pima hapo. Usitie oili chafu ya gari. Ina unga wa chuma, na kwa vumbi la Tabora inakuwa msasa. Oili safi, tone moja kila kiungo, kisha futa nje kwa kitambaa hadi uone kama hujaweka kitu.

#9 Mjomba_Mwenge

Kranki imeacha kugonga baada ya kukazwa. Kiti kimetoka siku ya tatu. Swali: mbele ni meno 32, nyuma 14. Kwa mchanga si nzito?

#10 Gololi_Tisa

Nzito kwake. Gurudumu hilo linatembea kama m 2.08 kwa mzunguko mmoja. 32 kwa 14 ni mara 2.29, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali anasukuma m 4.75. Ukiweka friwili ya 16 inashuka hadi m 4.16. Kilomita 7 atachelewa dakika chache, ila kwenye mchanga hatashuka kusukuma. Nenda dukani na gurudumu lenyewe ujaribu nyuzi za habu kwa mkono kabla ya kulipa, zisianze kwa kulazimisha. Gurudumu litasogea mbele kama mm 6, mnyororo huohuo utatosha ikiwa ulikuwa na nafasi.

#11 Mnyamwezi_28

Mimi ni wa huko. Suala kubwa la njia zile ni miiba, si gia. Chukua tairi kuukuu la 26, kata nyaya zote mbili za pembeni, bakisha ule utepe wa katikati, uweke ndani ya tairi jipya chini ya tyubu. Uzito unaongezeka kidogo, pancha zinapungua sana.

#12 Chuma_Chakavu

Kwa sharti moja: kingo za huo utepe zichongwe kwa wembe hadi ziwe nyembamba, na ncha mbili zipishane sm 3 nazo zimechongwa. Ukiweka na kingo nene, ndani ya mwezi zinaikata tyubu kuliko mwiba. Na paka poda ya mtoto kati ya tyubu na utepe.

Mfundishe binti kusoma tundu kabla ya kubandika kiraka. Tundu upande wa nje wa tyubu ni mwiba, autafute kwenye tairi kwa kidole. Tundu upande wa ndani ni ncha ya spoku, utepe wa rimu umeisha. Vipande vya tyubu ya zamani vinatosha kuurudisha. Matundu mawili sambamba ni upepo mdogo, alipita juu ya jiwe rimu ikabana tyubu. Tairi hilo lijazwe kPa 300 hivi. Bila geji, abonyeze kwa dole gumba, lizame kidogo tu.

Na upepo ukitoka bila pancha, ni ule mpira mwembamba wa ndani ya vali. Huoza. Mpe vipande vitano.

#13 nusu_spoku

Kwenye basi inapakiwaje wakuu?

#14 fundi_kijiwe

Toa pedali zote mbili, uzifunge kwenye mfuko. Geuza usukani ulale sambamba na gurudumu. Kikapu kitoe kabisa, ndicho kinachopondwa kwanza. Funga katoni juu ya friwili na mkono wa breki wa nyuma. Ilale ubavu wa kushoto, upande usio na mnyororo, na uandike namba ya fremu kwenye risiti ya mzigo.

Katika mfuko wa vifaa weka spana ya 15, ya 10, ya boksi ya 14, vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka kumi, solusheni, msasa, tyubu moja ya akiba na pampu. Solusheni ikishafunguliwa hukauka, nunua tyubu ndogo mbili badala ya moja kubwa.

#15 Mjomba_Mwenge

Imeondoka leo asubuhi. Kiti nimeweka sm 61 badala ya 63 ili vidole viguse chini. Kuna cha kukagua akishaanza kuiendesha?

#16 Gololi_Tisa

Sm 61 ni sawa kwa anayeanza, akizoea apandishe. Baada ya wiki ya kwanza arudie nati ya 14 ya kranki ya kushoto, na nati za 15 za magurudumu. Spoku zitatoa mlio wa "tik tik" siku mbili za mwanzo, ni kujipanga. Baada ya wiki mbili fundi aiguse rimu tena robo mzunguko pale palipolegea, na waya wa breki uvutwe kidogo kwa sababu utakuwa umerefuka.